Fundi wa miti: muulize atakata wapi

Masika ikikaribia, maswali tunayoletewa ni yaleyale: mwembe umelalia bati, mwarobaini unagusa nyaya, jirani ananung'unika. Mara nyingi mwenye mti ameshapatana bei na kijana mwenye panga na kamba, kwetu anataka baraka tu. Sisi tunamuuliza: amekwambia atakata wapi?

Tazama tawi linapotokea kwenye shina. Pana uvimbe, kama kola ya shati. Humo ndimo kinga ya mti ilimo. Mkato ukipita nje kidogo ya kola, gamba jipya hukua taratibu na kufunika jeraha. Ukikwangua hadi shinani umeondoa kinga. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo utaingia ndani. Mti hauponi kama ngozi yetu. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti, alionyesha kuwa mti huizungushia ukuta sehemu iliyooza, kisha ukaendelea kukua nje yake. Ndiyo maana kupaka kidonda rangi au lami hakusaidii.

Tawi zito lina mikato mitatu. Wa kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, usizidi theluthi ya unene. Wa pili kwa juu, mbele zaidi, tawi lidondoke. Wa tatu kwenye kola, kuondoa kisiki. Anayeruka ule wa kwanza utamjua kwa gamba lililochanika kuelekea chini.

Halafu kuna kukata kichwa, yaani kufyeka kilele chote, ugonjwa wa mitaa yetu. Mwarobaini unabaki nguzo, mwenye nyumba anafurahia mwanga. Machipukizi yanayofuata hurefuka haraka, lakini yameshikilia juujuu tu. Yakishanenepa, upepo huyang'oa. Umelipa kuondoa hatari, umepandiwa nyingine. Kwa mti mzima wenye afya, robo ya majani ndiyo mwisho kwa mwaka, na mti mzee uonewe huruma zaidi.

Vyeti? Viulize. Wapo waliosoma misitu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au chuo cha Olmotonyi, Arusha. Kimataifa, ISA, chama cha wataalamu wa miti kilichoanzia Marekani mwaka 1924, hutahini watu wenye uzoefu, kwa kawaida wa miaka 3. Ila darasa peke yake halimfundishi mtu kuning'inia juu ya paa la jirani. Mwambie akupeleke kwenye mti alioupogolea miaka miwili iliyopita, ukaone makovu yake. Awe na kofia ngumu na mkanda, na asipande kwa viatu vya miiba mti utakaobaki hai: kila hatua ni kidonda. (Misumari ya mabango ya waganga inatosha.)

Penye waya, usimpandishe mtu. Tawi bichi hupitisha umeme, waite TANESCO, shirika la umeme. Mti wa barabarani si wako hata kama unakupa kivuli: anzia ofisi ya serikali ya mtaa, watakuelekeza kwa afisa wa halmashauri.

Fundi mzuri pia hutazama chini. Mizizi mingi imo ndani ya sentimita 60 za juu na inahitaji hewa. Akikwambia, "Mzee, huu hauhitaji panga, vunja hilo zege ulilomwaga shinani," mlipe ushauri wake na nauli juu.