Perovskaiti na mwanga: maji kupoteza rangi si uchafu kuvunjwa

Unga wa perovskaiti hutumika kama kichocheo, yaani dutu inayosaidia mwanga kuvunja uchafu majini. Perovskaiti si dutu moja. Ni mpangilio wa atomu ambao hapa huandikwa ABO3 (A na B ni metali, O ni oksijeni), ulioitwa kwa jina la madini ya kalisi na titani ambayo Gustav Rose aliyaeleza mwaka 1839. Strontiamu titanati (SrTiO3) na lanthanamu ferati (LaFeO3) zimo katika ukoo huo. Zikipata mwanga wenye nishati ya kutosha, elektroni huruka na kuacha tundu, yaani nafasi yake iliyo wazi. Oksijeni huidaka elektroni, tundu hushambulia maji au uchafu wenyewe, na radikali (chembe kali zenye elektroni isiyo na mwenza) zinazozaliwa hukatakata molekuli za uchafu. Perovskaiti za risasi, zenye iodini mahali pa oksijeni, zinazosifiwa katika paneli za jua ziachwe huko huko, maana majini huharibika na kumwaga risasi.

Linalopotoshwa kila mara ni neno kuvunja. Mtu hutia unga wa perovskaiti ndani ya maji yenye methilini bluu, rangi ya buluu inayowakilisha uchafu, huwasha taa, rangi huondoka, naye hutangaza kwamba uchafu umevunjwa. Pengine uchafu umenata tu juu ya chembe za unga. Ndiyo maana mchanganyiko hukorogwa gizani kwanza, dakika 30 hadi 60, mpaka kipimo cha rangi kiache kushuka. Saa ya jaribio huanza hapo. Pengine taa peke yake ndiyo iliyofubaza rangi, kwa hiyo lazima liwepo jaribio la mwanga bila unga. Na methilini bluu ikipokea elektroni hugeuka isiyo na rangi, kisha hewa ikiingia ubuluu hurudi!

Taa nayo ina ushahidi wake. SrTiO3 huhitaji mwanga wa chini ya nanomita 390 hivi, na taa nyeupe ya LED karibu haina mwanga huo. Rangi ikipotea chini ya taa hiyo, shuku kwamba rangi yenyewe ndiyo iliyonasa mwanga kabla ya kukisifu kichocheo. LaFeO3 hutumia mwanga unaoonekana.

Kiasi cha gramu 0.5 hadi 1 kwa lita hutosha mara nyingi. Ukizidisha, maji huwa tope na mwanga haupenyi. Chuja vizuri kabla ya kupima, kwani unga uliobaki hutawanya mwanga na kuharibu usomaji.

Hata molekuli ikikatwa kweli, vipande visivyo na rangi vinaweza kubaki majini, na kipimo cha nanomita 664, mwanga ambao methilini bluu huunyonya zaidi, hakivioni. Kinachoviona ni kipimo cha jumla ya kaboni ya kiogania, yaani kaboni yote iliyomo katika uchafu na vipande vyake, ambacho kwa kawaida hushuka polepole kuliko rangi. Nacho kilinganishwe na sampuli iliyochukuliwa mwisho wa kukoroga gizani. Mwenye kipimo cha rangi pekee na aandike kwamba rangi imeondoka, bila kusema uchafu umevunjwa.