Nia ya mwaka mpya: maana yake, na tofauti yake na azimio

Desemba ikifika ukingoni, watu huulizana malengo. Mwakani utajenga? Utaoa? Utaacha nini? Jibu la maswali hayo tumezoea kuliita azimio, na azimio ni neno zito. Wengi wetu tulilijua kwanza kwenye Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967: jambo linajadiliwa kikaoni, linapitishwa, linatangazwa hadharani, na tangu hapo kila mtu anapimwa kwalo. Nchi ina vikao na watumishi wa kulibeba jambo la namna hiyo. Mtu aliyeamua peke yake usiku wa mkesha kwamba atapunguza kilo 15, hatakopa tena na atasoma vitabu 30, mzigo wote ni wake.

Nia ni kitu kingine. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya ibada bado iko hai kwetu: kuuelekeza moyo kwenye jambo kabla ya kulitenda. Mtazame mfungaji wa Ramadhani huku mwambao. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mfungaji hanuii mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Hunuia kila usiku, kwa ajili ya kesho yake tu. Akiugua akala siku ya tisa, nia ya siku ya kumi haijaguswa. Ile iliyomponyoka atailipa baadaye, siku moja kwa siku moja.

Kuuanza mwaka kwa nia, basi, ni kuchagua upande ambao moyo utaelekea, kisha kuuelekeza tena kila siku kwa tendo dogo. Azimio likivunjwa tarehe 9 Januari limevunjika. Nia hunuiwa upya usiku ule ule.

Lugha yetu inaijua tofauti hii kuliko tunavyodhani. Azimio husemwa kwa *nita-*: nitatembea, nitaweka akiba, nitasoma. Tabia husemwa kwa *hu-*: hutembea, huweka akiba, husoma. Hiyo *hu-* haibebi nafsi wala haisubiri kesho. Mimi hutembea, yeye hutembea, basi. Ndiyo maana methali ya haba na haba haisemi itajaza kibaba; husema *hujaza*. Na kibaba chenyewe ni kipimo cha wastani tu, robo ya pishi. Waliotunga methali hawakuahidi ghala. *Nita-* yoyote anaweza kuitamka kwa usiku mmoja. *Hu-* haipatikani ila kwa kurudia.

Kurudia kwa muda gani? Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kuushughulisha mwili, akalifanya kila siku baada ya tukio lile lile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa makadirio yao, jambo huwa la mazoea baada ya siku 66 hivi, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kutoka siku 18 hadi 254. Na hili ndilo ninalotamani kila anayejilaumu mwezi wa Januari alisikie: kuikosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Siri nyingine imo kwenye yale maneno "baada ya tukio lile lile". Nia inayoelea hupotea. Ipachike kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Nikishaswali Alfajiri, nazunguka mtaa mara moja. Chai ikichemka, nanyoosha mgongo. Nikirudi dukani, sarafu ya chenji inaingia kwenye kibubu. Shilingi 500 kwa siku si fedha ya kumnyima mtu mboga, lakini kwa siku 365 ni 182,500. Kipimo changu ni kimoja: jambo liwe dogo kiasi cha kufanyika hata siku mbaya kuliko zote. Na siku mbaya zinakuja mapema, maana Januari ni mwezi wa ada, sare na kodi ya nyumba. Wakenya wameupa jina la Njaanuari, na hawakukosea. Kumbebesha mtu maazimio makubwa katika mwezi huo ni kumwonea.

Sisemi azimio halina kazi. Anayetaka kuachana na pombe iliyomwingia mwilini anahitaji uamuzi wa wazi, watu wa kumshika mkono na daktari wa kumwangalia. Nia ya kimya kimya haitamtosha. Upole ninaousema ni wa mambo ya kila siku, ambako ukali hutuchosha kabla hatujafika popote.

Mwaka wenyewe pia hauanzi mara moja tu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huja Julai: wanaume hupigana kwa mashina ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa, ndipo sherehe zinaanza. Kutua mizigo hutangulia. Mwaka huo wa Waswahili, uliowaongoza wakulima na mabaharia, huhesabiwa kwa siku kumi kumi, na kila kumi huitwa mwongo. Kwa anayeanza na nia ndogo, mwongo ni kipimo kizuri: unanuia, unafanya, siku ya kumi unaangalia kama jambo bado linakaa vizuri au lipunguzwe kidogo. Zile siku 66 za London ni miongo sita na siku sita.