Shoka la Kale: Jina Lililogongwa Shavuni Si Lazima Liwe la Kiwanda

Mtu anasugua kutu kwenye shoka kuukuu la Kimarekani, yanajitokeza maneno KEEN KUTTER, na papo hapo keshaandika: “Limetengenezwa na kiwanda cha Keen Kutter.” Kiwanda cha jina hilo hakijawahi kuwapo. Tuanze na kosa hili, maana ndilo mama wa mengine na ndilo lisilosikia dawa.

“Jina lililo kwenye shoka ndilo la aliyelifua”

Keen Kutter ilikuwa chapa ya Simmons Hardware, wauzaji wa jumla wa St. Louis. Chapa hiyohiyo utaikuta kwenye nyembe, misumeno na visu vya mfukoni. Ni kiwanda gani kimoja kingefua vyote hivyo? OVB, kifupi cha maneno ya kujisifu kwamba hiki ndicho bora kabisa tulicho nacho, ilikuwa ya Hibbard, Spencer, Bartlett wa Chicago. Blue Grass ilikuwa ya Belknap wa Louisville, na Zenith ya Marshall-Wells wa Duluth. Wote hao ni wafanyabiashara, na majina yao yamejaa kwenye mashoka ya mwisho wa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Mambo yalikwenda hivi. Muuzaji aliagiza makasha ya mashoka, na kiwanda kikabadilisha muhuri tu. Chuma ni kilekile na umbo ni lilelile, ila jina linalogongwa ni la duka. Baadaye muuzaji akipata bei nafuu kwingine, anahamia huko na jina lake. Kwa hiyo mashoka mawili yenye chapa moja yanaweza kuwa yametoka viwanda viwili tofauti, na mawili yenye chapa tofauti yanaweza kuwa ndugu wa tanuri moja. Ndiyo maana kubishana kwamba “Keen Kutter ni ngumu kuliko OVB” ni kupoteza muda.

Usome nini basi? Soma maneno madogo yanayozunguka jina. Ukiona HDW. CO. (kifupi cha Hardware Company, kampuni ya vifaa vya chuma), huyo ni muuzaji. Ukiona AXE MFG. CO. (kampuni ya kutengeneza mashoka), au EDGE TOOL (zana zenye makali), pamoja na jina la mji, kwa kawaida umefika kiwandani: Kelly Axe Mfg. Co. wa Charleston, West Virginia. Mann Edge Tool Co. wa Lewistown, Pennsylvania. Jina la familia likiandamana na mji mdogo nalo ni dalili nzuri, kama Emerson & Stevens wa Oakland, Maine.

Jina la muuzaji nalo lina faida yake, kwa sababu husaidia kukadiria umri. Shapleigh, nao wa St. Louis, waliichukua Simmons mwaka 1940. Shoka lenye Keen Kutter na Shapleigh pamoja ni la baada ya hapo. Vivyo hivyo Kelly na True Temper: kampuni ya American Fork & Hoe, wenye chapa ya True Temper, iliinunua Kelly mwaka 1930, kwa hiyo majina hayo mawili kwenye shavu moja, yaani ubavu wa kichwa cha shoka, hayawezi kuwa ya 1915, hata muuzaji wa mnadani aape kwa jina la bibi yake.

Kama chapa ni ya duka na huna ushahidi mwingine, andika kwenye kibandiko: “Chapa ya fulani, kiwanda hakijulikani.” Hakuna aibu hapo. Aibu ni kubahatisha halafu kuuza ubahatishaji huo.

“COLLINS HARTFORD, basi limefuliwa Hartford”

Ofisi ndiyo iliyokuwa Hartford. Viwanda vya Collins, kampuni iliyoanza mwaka 1826, vilikuwa Collinsville, Connecticut. Na LEGITIMUS, neno linaloandamana na taji na mkono ulioshika nyundo, si kampuni nyingine. Ni alama ya Collins wenyewe, neno la Kilatini lenye maana ya “halali”, kwa sababu jina lao lilikuwa likiigwa ovyo na wengine.

“CAST STEEL maana yake limemiminwa kwenye kalibu”

La. Maneno hayo, ambayo neno kwa neno ni “chuma cha kumiminwa”, yanataja feleji iliyoyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740. Feleji ilimiminwa iwe mche, kisha mche ukafuliwa kwa nyundo. WARRANTED nayo ni dhamana tu. Wapo wanaoitafuta kama jina la mtu.

“Namba ni mwaka au toleo”

3½ ni uzito wa kichwa kwa ratili, yaani kama kilo 1.6. Tarakimu nne ndizo huweza kuwa mwaka, kama kwenye mashoka ya chapa ya Sager Chemical ya Warren, Pennsylvania, au mashoka ya jeshi.

“Mshale ni nembo ya kiwanda”

Mshale mpana ulio kama unyayo wa kuku ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C, ni Kanada. Mfuaji mtafute pembeni yake.

“Halina maandishi, basi ni la muhunzi wa kijijini”

Mashoka mengi ya viwandani yalibandikwa karatasi tu. Mengine picha yake ilichorwa kwa tindikali, kama kunguru wa Black Raven wa Kelly, na mchoro huo ni mwembamba kiasi cha kufutika kwa matumizi ya kawaida.

Au umeufuta mwenyewe kwa mashine ya kunolea. Weka mashine hiyo chini, na msasa pia. Loweka kichwa kwenye siki nyeupe ya asilimia 5 kwa saa 12 hadi 24, ukikitazama kila baada ya saa chache, kwani siki ikikaa mno hula kingo za herufi. Sugua kwa brashi ya shaba, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, kausha kwa joto mara moja (ukichelewa, kutu ya rangi ya chungwa inarudi ndani ya dakika chache), kisha paka mafuta mepesi.

Kabla ya mafuta, soma. Paka chaki shavuni, ufute juujuu kwa kitambaa kikavu. Unga utabaki kwenye mikwaruzo ya herufi. Zima taa, laza tochi karibu igusane na chuma, na uizungushe pande zote nne, kwa kuwa mstari unaofuata mwelekeo wa mwanga hauonekani. Shavu la shoka limevimba katikati na muhuri ni bapa, hivyo herufi za katikati huzama na za pembeni hugusa tu. Ukisoma OLLIN, huna haja ya kutafuta kampuni ya Ollin.