Diski inahama, ufunguo unabaki

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu iliyomwagikiwa chai. Mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine, ilikuwa imeungua, ila diski yake, SSD ndogo ya M.2, ilikuwa nzima. Alikuwa ameshanunua laptopu nyingine iliyotumika, na alitaka jambo moja tu: "Fundi, nihamishie diski ile humu, nikute vitu vyangu kama nilivyoviacha." Alama za wanafunzi za muhula mzima zilikuwa humo.

Skrubu moja tu. Nikachomoa, nikachomeka, nikawasha. Skrini ikageuka bluu, ikadai tarakimu 48.

Watu huniuliza kila mara kama diski yenye Windows inaweza kuhamia mashine nyingine. Inaweza. Enzi za Windows XP ilikuwa shida kweli: mfumo ukikuta kidhibiti cha diski usichokijua, unaanguka na kosa la 0x0000007B. Tangu Windows 8, na hasa 10, mfumo unakagua mashine mpya wenyewe, unatafuta draiva (programu za kuuwezesha kutumia kila kifaa), unajizima na kujiwasha mara moja au mbili, kisha unatulia. Kwa hiyo draiva si hofu yangu tena. Hofu yangu ni vile vinavyobaki kwenye mazabodi ya zamani.

Kikubwa kuliko vyote ni ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data za diski zisisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi zenye Windows 10 na 11 hujifunga diski zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Chipu ya TPM iliyo kwenye mazabodi hutunza ufunguo, na kila asubuhi huutoa kimyakimya. Mwenye mashine anaweza kukaa nayo miaka bila kujua kwamba diski yake imefungwa. Ukiihamisha, chipu ya mashine mpya haiujui ufunguo huo, ndipo unapodaiwa zile tarakimu 48, ambazo ni ufunguo wa akiba.

Nakala ya ufunguo huo wa akiba hupelekwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika. Sasa, akaunti ya nani? Huku kwetu laptopu mpya mara nyingi huandaliwa na kijana wa dukani, au ndugu anayejua kompyuta, kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwalimu alifikiri, akakumbuka kwamba mtoto wa kaka yake ndiye aliyemwandalia. Tukampigia. "Subiri shangazi, naingia," akasema, kisha akaanza kutusomea: makundi manane ya tarakimu sitasita. Kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, hivyo tuliposikia vibaya kundi la tano, skrini ilitukatalia palepale. Kijana yule asingepatikana, hakuna fundi ambaye angeifungua diski ile. Ningeweza kuifuta tu na kuanza upya.

Kwa hiyo, kama mashine ya zamani bado inawaka, usishike bisibisi kwanza. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili tarakimu hizo kwa kalamu, kwenye karatasi. Ukiwa na muda, zima BitLocker kabisa na ungoje diski ifunguke yote, hata ikichukua saa kadhaa. Nakili na mafaili yako kwenye diski ya nje. Siku ya kuchomoa, shikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima, kwa sababu kwa kawaida Windows haizimiki yote: huacha sehemu yake imehifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka kesho, na sehemu hiyo inaikumbuka mashine ya zamani.

Halafu kuna mipangilio ya BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha mashine. Ilinganishe ya mashine zote mbili kabla ya kulaumu diski. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 huja na VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, ikiwa imewashwa. Windows isiyo na draiva yake hutoa kosa lilelile la 7B la enzi za XP. Izime VMD, jaribu tena. Diski ya zamani yenye MBR, mpangilio wa kale wa kuigawa diski, haitawaka kwenye mashine inayokubali UEFI peke yake, yaani mtindo mpya wa kuwasha uliorithi BIOS. Programu ya Mbr2gpt, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2017, huibadilisha iwe ya mpangilio mpya, GPT, bila kufuta mafaili.

Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, huhama kwa urahisi zaidi, kwani kerneli, kiini chake, hubeba draiva nyingi. Ikikataa kuwaka, mara nyingi ni kwa sababu maelezo ya wapi pa kuanzia yaliandikwa kwenye mazabodi ya zamani. Washa kwa flashi yenye Linux, uyaandike upya kwa programu ya efibootmgr.

Leseni ya Windows iliyokuja na laptopu nayo haihami. Ya mwalimu ilikuwa ya toleo la Home, na mashine mpya ilikuwa na Home yake, basi ikajithibitisha yenyewe ilipopata intaneti.

Kabla hajaondoka tulimfungulia akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe, tukaifunga diski upya kwa chipu ya mashine mpya, na zile tarakimu 48 mpya akaziandika mwisho wa daftari lake la maandalio.