Kizazi cha prosesa si ile saba ya i7

Ami yangu aliingia duka moja barabara ya Digo, Mombasa, na laptopu yenye prosesa ya Intel (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta) iitwayo i5, akatoka na yenye i7, na elfu nane za juu akaziacha pale. Alinipigia simu akiwa bado kwenye tuktuk. "Mwanangu, nimeruka vizazi viwili!"

Jioni nikaenda kuitazama. Stika ilikuwa imebanduliwa, kama ilivyo kawaida ya hizi za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kwanza, basi nikafungua ukurasa wa maelezo ya kompyuta: i7-7500U. Ile aliyoitoa nilimnunulia mimi, na namba yake naikumbuka: i5-8250U. Ami alikuwa ameshuka kizazi kimoja, tena kwa kulipia.

"Kwani saba si kubwa kuliko tano?"

Ni kubwa, ami. Lakini ile si hesabu ya vizazi.

Kizazi cha prosesa ni mkupuo wa prosesa ambazo kampuni imezitoa kwa jina moja la namba, aghalabu kwa usanifu mmoja, yaani mpango mmoja wa ndani. Kwa Intel zenye majina ya i3, i5 na i7, namba ya kizazi huja baada ya kistari. i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Na i7-1165G7 ni ya 11, wala si ya kwanza, ingawa tarakimu zake nne huwachanganya wengi. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Ile 3, 5 au 7 iliyo mbele ni cheo. Ingekuwa ni kizazi, ingebidi tukubali kwamba wa saba alizaliwa kabla ya wa tatu, kwa sababu i7 ilitoka Novemba 2008, i5 ikafuata 2009, na i3 ikaja 2010. Zote tatu zilikuwa za kizazi cha kwanza. Sijui nani aliwafunza vijana wa madukani kusema "hii i7, jenereshen ya saba", lakini nimeisikia mpaka masikio yamechoka, na kila nikiisikia kuna mtu ameshika pochi.

Kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimetuwekea jibu ndani ya neno lenyewe. Kizazi kinatokana na kuzaa, sawa na mzazi na uzazi. Ndiyo maana mama aliyepasuliwa husema ametolewa kizazi, na hakuna anayeuliza anasema nini. Na katika nyumba, kifungua mimba na kitinda mimba, hata wakipishana miaka kumi, ni kizazi kimoja. Mmoja anapewa funguo za duka, mwingine anatumwa mkate. Hivyo ndivyo i7 na i3 zilivyo. Tena kuna zilizotoka tumbo moja hasa: i5-8250U na i7-8550U zilichongwa kwa mchoro uleule, zote zina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Iliyoitwa i7 ina mwendo wa juu kidogo na akiba ya ndani, yaani kumbukumbu ndogo ya prosesa yenyewe, ya megabaiti 8 badala ya 6. Ndugu hao, na kwenye bei utadhani mmoja ni mfalme.

Hata hivyo wenye viwanda nao si wa kuaminiwa sana na neno hili. Mwaka 2015 kizazi cha 6 kilikuja na usanifu mpya kweli, ukiitwa Skylake. Prosesa za mezani za kizazi cha 7, 8, 9 na 10 zilibeba viini vya usanifu huohuo, kwa teknolojia ileile ya kuchonga, ya nanometa 14, zikaongezewa mwendo na idadi. Mimi hapo ningesema toleo, kutokana na kutoa, kama toleo la kitabu lililobadilishwa jalada na kuongezwa kurasa. AMD, washindani wa Intel, wamefanya lao pia: Ryzen 5 5500U na 5600U zinaonekana mapacha, kumbe ya kwanza ni ya usanifu wa Zen 2 na ya pili ni Zen 3.

Ila kuna toleo lililokuwa na uzito wa kizazi, na ndilo lililomponyoka ami. Mwaka 2017, katika prosesa za U, yaani za laptopu nyembamba zisizokula umeme mwingi, i5 na i7 zilitoka viini viwili zikawa vinne. Ile i7 yake ya kizazi cha 7 ina viwili. Isitoshe, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel. Karibu zote za nyuma yake zimeachwa mlangoni, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Nikamuuliza kilichomsukuma kubadilisha. Ati ile ya zamani ilichukua dakika nzima kuwaka, na feni ikivuma kama matatu ya Likoni. Ami huuza vitambaa. Kazi ya laptopu ni hesabu za mzigo na risiti. Ile ya zamani ilikuwa na diski ya kuzunguka, na ndani ya feni vumbi limeshikana na unyevu wa pwani likawa kama sufi. Prosesa ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe. SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na kusafishwa vingemgharimu chini ya zile elfu nane, bila kugusa kizazi chochote.

Asubuhi alirudi dukani. Ile i5 ilikuwa imeshauzwa, na yule kijana akamwambia, kwa nia njema kabisa, asijali, ilikuwa jenereshen ya tano tu.

Basi ukiambiwa "i7, jenereshen ya saba", huna haja ya kugombana na mtu. Muulize taratibu: saba ipi, ya kabla ya kistari au ya baada?