Kushindwa fainali kwa pointi mbili: yanayosemwa na yaliyopo

Julai 2022 Angella Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani), na sisi tuliokuwa tukifuatilia kwa simu tulipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Yeye na mwenza wake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walishinda fainali ya wasichana wawili wawili kule Wimbledon kwa 3-6, 6-4, 11-9. Ilinichukua muda mrefu kujiuliza habari za wale waliosimama upande wa pili wa wavu: Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Januari mwaka huohuo walikuwa wameshapoteza fainali kama hiyo Australia. Mboko alikuwa na miaka 15 tu.

Tenisi ya wawili wawili ina kushindwa kwa namna yake. Aliye peke yake hujilaumu mwenyewe na kwenda kulala. Wawili wana mtu wa kumtazama. Na sisi watazamaji huwaongezea maneno ambayo, ukiyachunguza, mengi hayana mguu.

Dhana: Aliyekosea pointi ya mwisho ndiye aliyepoteza mechi

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, na ndiyo nyepesi kuivunja kwa vidole vya mkono.

Chukua ile taibreki ya 11-9, yaani mchezo mfupi wa kuamua unaohesabiwa kwa pointi, hapa uliochezwa badala ya seti ya tatu. Mchezaji wa kwanza hupiga sevu (mpira wa kuanzisha pointi) moja tu, kisha kila mmoja hupiga mbili kwa zamu ya wanne. Pointi ya 1 ni yake, ya 2 na 3 ni za mpinzani, ya 4 na 5 ni za mwenza wake, ya 6 na 7 ni za mpinzani wa pili, halafu mduara unaanza upya. Mkifika 9-9 zimeshachezwa pointi 18. Ya 19 itakuwa sevu ya yule mpinzani wa kwanza, na ya 20, ile iliyomaliza mechi, ni sevu ya mwenza wa aliyeianza taibreki. Hakuna aliyemchagua mtu huyo kwa ajili ya pointi hiyo. Zamu imemwangukia tu, kama mtoto anayekutwa na wimbo ukiisha katika mchezo wa viti.

Tena katika wawili wawili sevu haimalizwi na mpigaji pekee. Mwenzake yuko wavuni. Akisogea mapema, anayepokea anaona pengo na kupiga huko. Akichelewa, mpira unapita katikati na kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Karatasi ya takwimu itaandika jina la aliyegusa mpira mara ya mwisho, kwa sababu karatasi haina mahali pa kuandika jina la aliyesita.

Wachezaji wenyewe wanalijua hili, ndiyo maana wale waliokaa pamoja muda mrefu hugusana mikono baada ya kila pointi, hata ile mbovu. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani ni adabu tu. Ni kazi: kumzuia mwenzako asianze kuhesabu makosa yake mechi ikiwa bado inaendelea.

Dhana: Walioshinda walikuwa bora siku hiyo

Wakati mwingine ndivyo. Lakini rudi kwenye matokeo ya Wimbledon 2022 ukahesabu magemu, yale yanayojenga seti, ya zile seti mbili: Cross na Mboko walishinda magemu 10, Okutoyi na Nijkamp 9. Walioshindwa walikuwa na magemu mengi zaidi. Si kwamba taji liliibwa, na mimi ni wa mwisho kutaka lirudishwe! Ni kwamba tenisi hailipi jumla. Inalipa pointi fulani zinapokuja.

Roger Federer alilieleza hili Juni 2024 alipokuwa akihutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani. Katika mechi 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini katika pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Kama bingwa wa namna ile alipoteza karibu nusu ya pointi, tofauti ya wawili wanaofikishana 9-9 fainali ni ndogo kiasi gani?

Nao Waitaliano Simone Bolelli na Andrea Vavassori, Australia 2025, walishinda taibreki ya seti ya kwanza kwa 18-16. Pointi 34 kwa taibreki moja. Ungedhani kwa moyo ule mechi imekwisha. Harri Heliövaara na Henry Patten walichukua ya pili kwa 7-6 na ya tatu kwa 6-3. Kwa Bolelli na Vavassori hiyo ilikuwa fainali ya tatu ya Grand Slam kupoteza pamoja, baada ya Australia na Ufaransa mwaka 2024.

Dhana: Mshindani wa kweli hakubali kuonyesha machungu

Kwetu hili huja limevaa methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali ni nzuri, ila tumeifanya kizibo cha chupa. Mtu bado ana jasho shingoni, unamwambia akubali. Kukubali matokeo na kutoumia ni vitu viwili.

Mimi na mwenza wangu tuliwahi kupoteza fainali ya klabu, ya vikombe vya plastiki, kwa taibreki. Nilikosea sevu zote mbili tukiwa nyuma kwa pointi moja. Tulicheka, tukapiga picha, tukapongeza wenzetu, mambo yote ya mshindani mwema. Kisha kwa wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenziwe kimya kimya, na kimya hicho kila mmoja alikisoma kama lawama. Kama hali ni hiyo kwa kikombe cha plastiki, Wimbledon inakuwaje?

Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1995, wa Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich, uliotazama picha za video za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona 1992. Waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Maelezo yao ni kwamba wa fedha huwaza dhahabu aliyoikosa, wa shaba huwaza kwamba angeweza kutoka mikono mitupu. Katika tenisi ya Olimpiki ya siku hizi jambo hili lina uzito wa ziada. Shaba hupiganiwa katika mechi yake, kwa hiyo wa shaba anaondoka baada ya kushinda na wa fedha anaondoka baada ya kushindwa. (Barcelona yenyewe haikuwa hivyo kwa tenisi: walioshindwa nusu fainali wote walipewa shaba.)

Kwa hiyo ukiwaona wawili wamenuna jukwaani na medali za fedha shingoni, usikimbilie kusema hawana shukrani. Kinachowasaidia wawili ni kulizungumza, na kwa mpangilio. Si usiku uleule, wakati kila neno lina miiba. Baada ya siku kadhaa, mbele ya video ileile, wakitazama pamoja badala ya kila mtu na simu yake, na kila mmoja akianza na kosa lake mwenyewe. Ningejua hivyo kabla ya zile wiki tatu.

Dhana: Wakishindwa vile ni heri waachane, na pacha wake: wakiachana ujue wamegombana

Kila fainali ikipotea, mtandaoni wanatokea washenga wa talaka. Ukweli hauko upande wao, wala hauko upande wa wanaosema wasiachane kamwe.

Horia Tecău wa Romania na Robert Lindstedt wa Uswidi walipoteza fainali ya Wimbledon 2010, wakapoteza 2011, wakapoteza 2012. Hiyo ya tatu ilikwenda seti tano, tena mbele ya Jonathan Marray na Frederik Nielsen, walioingia mashindanoni kwa nafasi ya upendeleo inayotolewa na waandaaji. Sijui moyo wa namna gani hurudi mwaka wa pili, achilia mbali wa tatu. Hatimaye kila mmoja alishika njia yake. Lindstedt alishinda Australia 2014 akiwa na Łukasz Kubot wa Poland. Tecău alirudi Wimbledon 2015 na Jean-Julien Rojer, na safari hiyo kombe likawa lake. Walioshindwa mwaka huo, Jamie Murray na John Peers, walipoteza pia fainali ya Marekani miezi miwili baadaye, wakatengana. Murray alitwaa Australia 2016 na Bruno Soares. Peers alilitwaa taji lilelile 2017 na Henri Kontinen.

Upande wa pili, Wafaransa Nicolas Mahut na Pierre-Hugues Herbert walipoteza fainali ya Australia 2015 na wakabaki. Septemba mwaka huohuo walishinda Marekani, na kufikia Januari 2019 walikuwa wamekusanya mataji yote manne makubwa, la mwisho likiwa lile lile la Australia lililowatoroka mwanzo.

Ukitaka kanuni humo, hutaipata. Nionavyo mimi, swali la kubaki au kuondoka halifai kujibiwa ndani ya wiki ya fainali.

Dhana: Nafasi kama hiyo haiji mara mbili

Waaustralia Max Purcell na Jordan Thompson walikuwa na pointi tatu za ubingwa Wimbledon 2024, wangeshinda moja tu kombe lingekuwa lao. Tatu! Heliövaara na Patten walizifuta zote na kushinda 6-7, 7-6, 7-6, seti ya mwisho ikiamuliwa kwa 11-9, namba ileile ya Okutoyi. Wiki nane baadaye Purcell na Thompson walikuwa mabingwa wa Marekani, wakiwafunga Wajerumani Kevin Krawietz na Tim Pütz. Nao Krawietz na Pütz, Novemba mwaka huo, wakashinda fainali za mwisho wa msimu za ATP (chama cha wanaume wa tenisi ya kulipwa) mjini Turin kwa taibreki mbili, 7-6, 7-6. Waliolia Julai walicheka Septemba, waliolia Septemba walicheka Novemba.

Ila tusidanganyane. Rajeev Ram wa Marekani alipoteza fainali ya Olimpiki ya wachezaji mchanganyiko (mwanamume na mwanamke) Rio 2016 akiwa na Venus Williams, kwa 10-7 katika taibreki ya mwisho. Miaka minane baadaye, Paris 2024, akiwa na Austin Krajicek, akapoteza nyingine kwa 10-8. Kati ya Olimpiki hizo mbili alishinda Marekani mara tatu mfululizo na Joe Salisbury. Ana mataji ya kujaza kabati na medali mbili za fedha. Hizo fedha hazikugeuka dhahabu kwa kuwa alishinda kwingine.

Na Victoria Mboko? Mwaka 2025, binti huyo wa wazazi waliotoka Kongo aliingia mashindano ya Montreal kwa nafasi ya upendeleo, akiwa bado na miaka 18. Njiani aliwatoa mabingwa wa zamani wa Grand Slam wanne: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, na fainali Naomi Osaka. Safari hii hakuwa na mwenza wa kumgeukia. Seti ya kwanza ya fainali aliipoteza 2-6.