Mtori uliopita kwenye blenda bado ni chakula

Naandika hii ili mtu akiniuliza tena kama mtori wa kusagwa ni kinywaji baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo nimtumie linki tu. Blenda haigeuzi chakula kuwa kinywaji. Mtori hata uusage vipi bado ni chakula cha kupondwa, wiki mbili za kwanza baada ya slivu (ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo) huna kazi nao, na usiniambie "lakini nimeunywa kwa kikombe", tumbo halijui kama umeshika kikombe au kijiko.

Wiki mbili za mwanzo mshono bado mbichi, tunataka kitu kinachopita chenyewe. Chukua chujio la chai: kikishuka bila kusukumwa na kijiko na hakiachi makapi, hicho ni kinywaji. Supu ya kuku iliyochujwa sawa, maziwa sawa (protini utaitoa wapi, supu peke yake haikufikishi gramu 60 kwa siku). Vurugu ni uji wa ulezi, maana ukitoka jikoni ni mwepesi, ukipoa unakuwa mzito na utando juu, kwa hiyo uji ule ule asubuhi unafaulu na saa nne umeshafeli. Uchuje, uulegeze na maziwa, basi. Aiskrimu inayeyuka, kwa hiyo ndiyo, inahesabika kinywaji, ila wa baipasi (waliounganishwa utumbo na tumbo dogo) sukari ile itawatoa jasho na moyo kwenda mbio na choo mtakijua.

Sasa miezi mitatu mbele mambo yanageuka, na hapa ndo mnanimaliza kabisa. Saa hizi tunataka kigumu! Samaki, kuku, maharage, vinakaa tumboni na unashiba. Juisi ya parachichi na maziwa inapita tu, halafu mtu ananiambia "dada mimi sili kitu na kilo hazishuki". Krispi nazo na biskuti ya kuchovya kwenye chai, mkononi ngumu, ukitafuna zinakuwa uji, unamaliza pakiti nzima bila kushiba.

Ile ya kusubiri dakika 30 baada ya kula ndo unywe namwambia kila mtu, ingawa ushahidi wake si mzito kama tunavyouongea. Hata ratiba za hatua, lini kinywaji, lini cha kupondwa, lini kigumu, zinatofautiana hospitali na hospitali, fuata ya daktari aliyekupasua, siyo ya grupu la WhatsApp.

Na mnaouliza ugali kwa mlenda: hapo hata mimi nababaika, ugali mgumu, mlenda unautelezesha. Anza na samaki, ugali ukikosa nafasi shauri yake.